Kupanga masomo kwa kuufuata mwezi: Ramadhani na sikukuu katika darasa la nne Pemba

Kwa mwalimu wa Pemba, Idi haiji na tarehe. Mapinduzi yanajulikana, Januari 12. Krismasi inajulikana, Disemba 25. Lakini Idi inasubiri mwezi uandame, na mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, hapana ajuaye mpaka jua lizame. Azimio la kazi nalo linataka uandike wiki, tarehe na mada. Mwaka 2025, Ramadhani ilipoingia mwanzoni mwa Machi, nilikuwa nimekabidhiwa darasa la nne katika skuli moja ya kaskazini ya kisiwa, watoto zaidi ya 60 katika chumba kimoja, na sikuwa nimewahi kupanga masomo ya msimu ule kwa watoto wa umri ule. Naandika haya kwa mwalimu atakayejikuta pale nilipokuwa.

Desturi niliyoikuta ni mbili. Wapo wanaoisukuma silabasi kama kwamba hakuna mabadiliko yoyote, wakashangaa Aprili kwamba watoto hawakumbuki chochote cha Machi. Wapo wanaolegeza kila kitu, wakachora nyota na mwezi ubaoni siku ya mwisho, wakawatakia watoto sikukuu njema. Njia zote mbili zilinitia wasiwasi. Watoto wa darasa la nne ndio kwanza wanaanza kushika kugawanya na hesabu za sehemu, kama nusu na robo, na wiki nne zikipotea hapo, pengo lake linawafuata mpaka darasa la sita.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumuomba mwalimu mkuu madaftari ya zamani ya mahudhurio. Hii ndiyo kazi ninayomshauri kila mwalimu aianze nayo, kabla hajagusa azimio. Nilitafuta wapi watoto hupungua. Siku ya vunja jungu, ile ya mwisho kabla ya Ramadhani kuingia, walikuwa wachache, hilo nililitarajia. Kumi la mwisho, yaani siku kumi za mwisho za Ramadhani, walikuwa wachache zaidi, kwani familia nyingi huanza kusafiri kwenda Unguja au kurudi mashamba. Ila kulikuwa na mapengo mengine yaliyokuja karibu mara mbili kila mwezi, mwaka mzima, Ramadhani na isiyo Ramadhani, na majina yalikuwa yale yale, mengi ya wasichana. Nilimuonesha mwalimu mwenzangu aliyezaliwa kijiji kile. Alitazama kidogo tu.

"Hayo bamvua hayo, mwalimu," akaniambia. "Maji yakipwa sana, mama zao wanashuka pwani kwenye mwani, na wao wanakwenda kusaidia au wanabaki na wadogo zao."

Hapo mpango wangu wote ulibadilika. Bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huja katikati yake, mwezi ukiwa nusu. Kwa maneno mengine, kinacholeta Idi na kinachowatoa watoto darasani ni kitu kimoja, na watoto wale walikuwa wakiishi kwa kalenda hiyo tangu kuzaliwa. Mie ndiye niliyekuwa nikipanga kwa kalenda ya ukutani.

Nilichukua azimio langu nikaliongeza safu pembeni: siku za mwezi mwandamo. Nikaziwekea alama siku za bamvua kwa rangi nyekundu na maji mafu kwa buluu. Mada nzito za Hisabati, hasa kugawanya kwa tarakimu mbili na mwanzo wa sehemu, nilizipeleka kwenye buluu, na nikahakikisha zinaangukia kumi la mwanzo au nusu ya kwanza ya kumi la kati. Kumi la mwisho nililiachia kazi za kurudia, kusoma kwa sauti, mashairi ya kuhifadhi na uandishi mfupi. Siku mbili za mwisho kabla ya kufunga skuli sikuziandikia mada mpya hata moja. Niliandaa maandalio (mipango ya vipindi) mawili ya akiba yanayoweza kufundishwa kwa watoto 15 au kwa 60, na kama hayakutumika, hakuna kilichoharibika.

Ndani ya siku nako kuna mpango wake. Watoto wameamka kula daku usiku mwingi, wengine wakaunganisha na sala ya alfajiri na chuoni (madrasa), kisha skuli. Vipindi vilikuwa vimefupishwa. Kipindi cha kwanza na cha pili wako macho, wanajibu, wanauliza. Baada ya hapo unaona shingo zinalegea. Kwa hiyo Hisabati iliwekwa mwanzo kila siku, bila kubadilishana, na cha mwisho kikawa cha kusikiliza: nilisoma hadithi, wao wakaeleza kwa mdomo. Sikuandikisha insha kipindi cha mwisho. Mtoto mwenye njaa na usingizi akishika kalamu, hati inaharibika, naye anaichukia insha.

Somo lililozaa kuliko yote lilikuwa la pishi. Katika vipimo, kitabu kina lita na kilo. Watoto nyumbani wana pishi na kibaba, na Ramadhani ndiyo wakati neno pishi linasikika kila nyumba, kwa sababu ya zaka ya fitri, ambayo hutolewa kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa na mdogo, kabla ya sala ya Idi. Pishi moja ni vibaba vinne. Nilikwenda kwanza kwa mwalimu wetu wa somo la dini, na nawasihi mfanye hivyo hivyo, hata kama mnajiona mnaijua hukumu. Alinisahihisha jambo ambalo lingeleta maneno na wazazi: kipimo cha asili ni pishi, kilo ni makadirio, na watu hukadiria kwa tofauti, wengi wakichukua kama kilo mbili na nusu. Basi ubaoni niliandika "tuchukulie pishi ni kilo 2.5", na nikawaeleza watoto kwa nini nimeandika "tuchukulie".

Vifaa vilikuwa makopo, vifuu na mchanga wa pwani uliochekechwa. Mchele ni chakula, tena katika mwezi mtukufu, haukustahili kumwagwa sakafuni na vikundi kumi vya watoto. Kila kikundi kilipima mchanga: vibaba vinne, pishi moja. Kisha nikawapa hesabu: nyumba ina watu saba, ni pishi ngapi, vibaba vingapi, kilo ngapi? Pishi 7, vibaba 28, kilo 17.5. Desimali, ambayo wiki iliyopita ilikuwa alama tu kwenye ubao, ikawa nusu kilo ya mchele wanayoiona. Wakabadilisha wenyewe: nyumba ya watu watano, nyumba ya watu kumi na mmoja. Mtoto mmoja akauliza kuhusu aliye tumboni, nikampeleka kwa mwalimu wa dini, na jibu akaja nalo yeye mwenyewe kulieleza darasa. Niliwapa wahesabu nyumba za kubuni tu. Ukimwambia mtoto ahesabu zaka ya nyumba yao, kuna nyumba zinazopokea zaka, na mtoto wa nyumba hiyo ameketi mbele yako.

Bei za futari zilitupa somo la kutoa na kujumlisha. Kila mtoto aliulizia nyumbani au dukani bei ya kitu kimoja: fungu la muhogo, nazi, sukari, unga wa ngano wa kaimati. Mmoja alileta habari kwamba nazi dukani kwao ilikuwa shilingi 1,000 kabla ya mwezi mtukufu na ikawa 1,500 ulipoingia. Tofauti ni ngapi? Nazi nne zinazidi kwa kiasi gani? Watoto walizungumza kwa uchungu kabisa, kwa sababu ni pesa wanazotumwa nazo. Kwa Kiswahili, kazi ikawa kuandika hatua za kupika: kaimati, tambi, mkate wa kumimina. Wavulana walijua hatua kuliko nilivyodhani, na uandishi wa maelekezo, ambao kwenye kitabu unaanza na mfano usiowahusu, ulikwenda haraka sana.

Somo la tarehe nililiweka katikati ya mwezi. Mwaka wa mwezi una siku 354, mara nyingine 355, na mwaka wa jua 365 au 366, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Niliwapa watoto mwanzo wa Machi 2025 na kuwaambia waondoe siku 11 kwa kila mwaka, kwa vikundi, wakitumia kalenda kubwa tuliyoichora kwenye boksi lililopasuliwa. Kuondoa kupitia mpaka wa mwezi ni kazi ngumu kwa umri huu, hasa kutoka Machi kuingia Februari. Walipofika Januari 2030 mwanzoni, kikundi kimoja kikaendelea kuondoa na kuangukia Disemba mwishoni, 2030 ile ile. Wakadhani wamekosea. Hawakukosea: mwaka 2030 Ramadhani inaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Darasa lilichangamka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona katika kipindi cha kutoa. Wakaanza kuhesabu watakuwa na umri gani mwaka huo.

Kwa Sayansi nilimwalika bibi wa mtoto mmoja, mkulima wa mwani wa miaka mingi. Mwalimu mkuu alikubali, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, alijulishwa, kwani mgeni yeyote anayeingia darasani kuzungumza na watoto ni lazima ajulikane. Watoto wote wakasimama, "Shikamoo bibi," naye akawaitikia marahaba na kuketi kwenye kiti changu.

"Mwezi ukiandama," akasema, "maji yanapwa mpaka kule mbali, asubuhi ya saa nne mnatukuta tumeshainama kwenye kamba. Siku ya saba, ya nane, hata vigingi vyangu sivioni. Siku hizo nakaa nyumbani, naanika."

Mtoto akamuuliza nani aliyemfundisha. Mama yake kamfundisha bahari, akajibu, na mwani amejifunza ukubwani, kwani alipokuwa binti haukuwa ukilimwa. Hiyo ni kweli: kilimo cha mwani Zanzibar kilishika mwishoni mwa miaka ya 1980. Baada ya pale, watoto wanaoishi karibu na pwani walipewa kazi ya kuandika kila siku saa ambayo maji yamepwa kabisa, wenyewe kwa kutazama au kwa kumuuliza baba aliye mvuvi. Tulichora kwenye karatasi ya manila siku za mwezi chini na saa pembeni. Mstari ulipanda: kila siku maji yanachelewa pungufu ya saa moja, kama dakika 50. Ilipofika siku ya nane, kupwa kulikuwa alasiri, saa kumi hivi. Nikawaeleza mvuto wa mwezi na jua, na jinsi vinavyovuta kwa pamoja vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Sikuhitaji kuwaeleza bamvua ni nini. Na wale wasichana ambao hukosekana siku nyekundu ndio waliokuja na rekodi sahihi zaidi. Nilizitumia rekodi zao kama kazi ya darasani na nikawapa alama. Wawili wao walianza kuja angalau vipindi vya mwisho siku za bamvua, wakitoka pwani moja kwa moja, kwa sababu walikuwa na kitu cha kuleta.

Sasa niseme yanayohusu moyo wa mtoto, maana hapa ndipo mpango mzuri unapoweza kuumiza.

Usiulize darasani nani amefunga. Watoto wa miaka tisa na kumi hawajawajibika, lakini wanashindana, na swali la mwalimu linaugeuza ushindani kuwa hukumu. Aliyefungua kwa kuumwa atasema uongo mbele ya wenzake. Nilikubaliana na wenzangu mtungi wa maji ubaki pale pale ulipo, nyuma ya ofisi, na anayetaka ruhusa ya kutoka apewe bila kuhojiwa. Mtoto akizidiwa, anapelekwa kivulini na mzazi anaitwa, hatangazwi.

Darasani mlikuwa na mtoto wa familia iliyotoka bara, Mkristo. Niliongea na mama yake kabla ya mwezi kuingia, nikamuonesha masomo niliyoyapanga. Hakutaka mwanawe atolewe nje ya masomo yale. Alitaka tu asifanywe kichekesho. Pishi ni kipimo, mwezi ni mwezi, bahari ni ya wote, na mtoto yule alipima mchanga na kuchora mstari kama wengine. Kwenye uandishi, mada ilikuwa "Siku ya furaha nyumbani kwetu", na yeye akaandika Krismasi kwa bibi yake, pilau na safari ya basi ya usiku kucha. Alisoma mbele ya wenzake wakamuuliza maswali kuhusu basi kuliko kuhusu jambo lingine lolote.

Mada ile niliipata kwa msaada. Katika rasimu ya andalio nilikuwa na insha ya "Nguo yangu ya sikukuu", kama ilivyo katika mazoezi mengi. Mwalimu mmoja mkubwa, aliyekaribia kustaafu, aliikata kwa kalamu. "Mwanangu," akaniambia, "hesabu mayatima wako kwanza." Niliwahesabu. Tangu hapo kila kazi ya msimu naipitisha kwenye swali moja: je, inamlazimu mtoto aseme ana nini au amepata nini? Ikimlazimu, inaondoka. Kwa sababu hiyo hiyo, skuli ikifunguliwa siulizi nani alipewa mkono wa Idi kiasi gani, wala nani alipelekwa mjini Chake Chake kwenye kiwanja cha watoto na nani alibaki kijijini siku zote nne.

Jambo jingine la kujipanga nalo ni kwamba baadhi ya familia huku kwetu hufuata mwandamo wa nchi nyingine, na hufunga na kufungua siku moja kabla ya wengine. Darasa moja linaweza kuwa na Idi mbili. Watoto huanza kubishana, na maneno wanayoyatumia ni ya watu wazima. Niliwaambia mapema kwamba hapa darasani tutajifunza jinsi mwezi unavyokwenda, na suala la kuufuata upi wataongozwa na wazazi wao. Sikuliongezea neno.

Kuhusu gharama, mfukoni mwangu zilitoka kama shilingi 30,000: karatasi za manila, kalamu za rangi, nauli ya kufuata makopo makubwa mjini. Kamati ya skuli haikuwa na fungu la vifaa wakati ule. Kwa mwalimu anayeanza, ni pesa inayouma, tena katika mwezi wenye matumizi. Sehemu kubwa ingeweza kuepukika. Maboksi ya dukani yalifanya kazi ile ile ya manila, na makopo wazazi walikuwa nayo, ila nililiulizia kwa kuchelewa. Peleka ombi kwenye mkutano wa wazazi wa Januari, utaje kitu kwa kitu: makopo ya ukubwa mmoja, vifuu, maboksi. Wazazi wanapotajiwa kitu wanaleta. Wanapoombwa "mchango wa vifaa" wanasita, na wana haki.

Kilichobaki bila dawa ni mkondo wa mchana, yaani zamu ya watoto wanaosoma mchana. Mie nilikuwa na mkondo wa asubuhi. Mwenzangu aliyekuwa na wa mchana alitumia maandalio yangu yale yale, na watoto wake waliingia darasani wakiwa tayari wamechoka na jua, hivyo kipindi chake cha kwanza kilikuwa kama cha mwisho changu. Pishi lilifanikiwa kwake pia, kwa sababu ni kazi ya mikono. Hesabu za sehemu hazikufanikiwa, akazirudia upya baada ya sikukuu. Tumemuomba mwalimu mkuu kwamba Ramadhani zijazo mikondo ibadilishane kila wiki, ili mzigo wa mchana usiwe wa watoto wale wale mwezi mzima. Wazazi wenye watoto katika mikondo yote miwili wanahitaji taarifa mapema, na usafiri wa walimu wanaotoka mbali inabidi upangwe upya. Mazungumzo hayo bado yanaendelea, nasi tumeanza kuandaa jedwali lenye siku za bamvua ndani yake ili tulipeleke likiwa kamili.